Makasha ya Akriliki ya Vipepeo: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Karakana yetu iko Nairobi. Tunatengeneza makasha ya akriliki, plastiki ngumu iliyo angavu kama kioo, ya kuwekea vipepeo waliokaushwa na kupigwa pini. Wanaotujia ni walimu wa sayansi, wenye hoteli, watu waliorithi mikusanyo ya wazee wao, na wapenzi wa vipepeo wenyewe. Wengi huanza kwa kuuliza kasha litapendeza vipi ukutani. Sisi huanza na kipepeo: atakaa humo miaka mingapi bila kuliwa, kuota ukungu wala kupauka? Vipimo vyetu vyote, na hata kazi tunazozikataa, vinatokana na swali hilo.

Kwa nini akriliki? Kioo si ndicho bora?

Kioo hakikwaruziki ovyo na hakivuti vumbi sana. Hilo halina ubishi. Lakini ni kizito zaidi ya mara mbili: sentimita moja ya ujazo ya kioo ina uzito wa gramu 2.5 hivi, na ya akriliki gramu 1.19. Akriliki hupitisha takriban asilimia 92 ya mwanga, na kwa kuwa pembe zake huunganishwa bila fremu, kipepeo huonekana kutoka juu na kutoka ubavuni. Kubwa zaidi ni siku kasha linapoanguka. Vigae vya kioo hukata mbawa na kuvunja papasi, zile nyuzi mbili za kichwani, na hapo hakuna la kuokoa. Akriliki ikianguka mara nyingi hupata ufa au pembe hubanduka, na kipepeo hubaki mzima kwenye pini yake.

Kwa darasa ambalo kasha litapita mikononi mwa watoto, hatutengenezi cha kioo. Kwa kaunta ya mapokezi inayopanguswa asubuhi na jioni na mtu mwenye haraka, tunakwambia wazi uende kwa fundi wa vioo, kwa sababu akriliki itafifia kwa mikwaruzo kabla mwaka haujaisha.

Hiyo akriliki ndiyo Perspex?

Ndiyo. Perspex ni jina la kibiashara lililozoeleka hata likawa jina la kitu chenyewe, hasa kwa mafundi wa mabango. Ukienda dukani, jambo la kuuliza ni kama bamba ni la kumiminwa au la kusukumwa kwa mashine. La kumiminwa hutengenezwa kwa kumwaga malighafi katikati ya vioo viwili ikagandia humo. La kusukumwa hupitishwa kwenye mdomo wa mashine likiwa moto. La pili ni rahisi zaidi na unene wake hauchezi, lakini lina mkazo ndani yake, na likiguswa na gundi ya kuyeyusha hutoa nyufa nyembamba sana, kama nywele, kwenye kingo. Sisi hutumia la kumiminwa kwa makasha yote. Ukichonga maandishi kwa leza juu yake, herufi hutoka nyeupe na kusomeka vizuri. Kwenye lile jingine hutoka hafifu.

Jihadhari na plastiki ya polistairini inayouzwa kwa jina la akriliki. Huvunjika upesi na hugeuka manjano.

Unene gani unatosha?

Milimita 3 kwa kasha ambalo upande wake mrefu hauzidi sentimita 30. Zaidi ya hapo tunapanda hadi milimita 4 au 5, la sivyo kifuniko hulegea katikati. Akriliki pia hutanuka kwa joto kuliko kioo: bamba la mita moja huongezeka takriban milimita 0.7 joto likipanda kwa digrii 10. Kwa kasha dogo hutaona chochote. Kwa kasha refu la ukutani tunaacha nafasi ndogo kuzunguka kifuniko, na matundu ya skrubu tunayatoboa makubwa kidogo kuliko skrubu yenyewe.

Nimepima kipepeo wangu, ana kimo cha sentimita moja tu. Kwa nini mnasema kasha liwe na kina cha sentimita 6?

Hili ndilo swali linaloleta mabishano mengi, na ndipo makasha mengi ya kununua yanapokosea.

Anayehitaji nafasi ni pini. Pini za wadudu zinazotumika sana, namba 0 hadi 5, zina urefu wa takriban milimita 38. Namba hutofautisha unene tu, na kwa vipepeo wengi namba 2 au 3 ndiyo inayofaa. Pini hupita katikati ya kifua na kutokea chini. Kipepeo hukaa sehemu ya juu ya pini, lakini huachwa kipande cha kutosha cha kushika juu yake. Chini yake hukaa lebo ndogo, na ncha huzama kwenye sponji ngumu iliyo sakafuni.

Tufanye hesabu pamoja. Sponji ina unene wa milimita 10. Pini ikizama milimita 7, zinabaki 31 juu ya sponji. Sponji na pini tayari ni milimita 41. Kutoka kichwa cha pini hadi kifuniko tunaacha milimita 15, kwa sababu mkono unapoinua kifuniko hauinui sawasawa. Upande mmoja hutangulia, mwingine hushuka. Jumla ni milimita 56, nasi tunaifanya 60 ili pawe na nafasi ya vidole. Kwa Charaxes, wale vipepeo wanene wenye kifua cha nguvu, tunapenda hata zaidi.

Wapo wanaokata pini ili kasha liwe jembamba na kukaa ukutani bila kujitokeza. Ukikata juu, siku ukitaka kumtoa utalazimika kumshika kipepeo mwenyewe. Ukikata chini, lebo haina pa kukaa. Kazi hiyo hatuifanyi.

Naweza kutumia pini za kushonea?

Hapana. Ni fupi, na zile za chuma cha kawaida hushika kutu. Zenye shaba ni mbaya zaidi: mafuta ya mwili wa mdudu huchachuka na shaba, ikaota kutu ya kijani inayovimba hadi kifua kikapasuka. Tafuta pini za wadudu za chuma kisichoshika kutu, au zilizopakwa rangi nyeusi.

Mnaunganishaje pembe? Sioni gundi.

Huioni kwa sababu haipo tena. Tunatumia kiyeyushi chepesi kinachotiririka kama maji, kwa kawaida methileni kloridi au mchanganyiko wake. Vipande viwili hukazwa pamoja vikiwa vikavu, kisha ncha ya sindano hupitishwa kwenye mshono. Kiyeyushi hunyonywa chenyewe hadi mwisho wa mshono, na ukitazama kwa karibu unaona mstari mweupe wa hewa ukikimbia mbele yake na mshono ukibaki angavu nyuma. Nyuso mbili huyeyuka kidogo zikashikana kuwa kitu kimoja, halafu kiyeyushi huruka.

Kazi yote imo katika ukingo. Ukingo usiponyooka, kiyeyushi huacha mapovu, na mapovu hayo hayatoki tena. Ndiyo maana tunakwangua kingo hadi ziwe bapa na kusugua kwa msasa wa maji, lakini hatuzing'arishi kwa moto kabla ya kuunganisha. Moto huacha mkazo, na mkazo ukikutana na kiyeyushi huleta nyufa. Vipande vilivyokatwa kwa leza navyo vina mkazo huohuo ukingoni, kwa hiyo huingia kwanza kwenye oveni ya takriban digrii 80 kwa saa kadhaa, kisha hupoa polepole humo humo.

Kuna siku hatuunganishi. Asubuhi za Julai, Nairobi ikiwa na baridi na ukungu, au mvua ya Aprili ikinyesha, kiyeyushi kinaporuka hupoza uso wa akriliki hata umande ukatua juu yake, na mshono hutoka na weupe wa maziwa. Ukiambiwa kazi itasubiri hadi mchana upate joto, hiyo ndiyo sababu.

Supa glu je?

Hapana kabisa kwa kasha la kipepeo. Mvuke wake hutua kama utando mweupe juu ya akriliki, na ukitua juu ya mbawa nyeusi hakuna namna ya kuuondoa.

Kasha likiisha, naweza kumtia kipepeo siku hiyohiyo?

Tunaliacha wazi wiki nzima kabla ya kulikabidhi. Pua ndiyo kipimo: ukifungua kifuniko na kusikia harufu ya dawa, bado.

Naweza kujitengenezea nyumbani?

Unaweza, na tunafurahi mtu anapojaribu. Chagua bamba la milimita 3. Acha karatasi yake ya kinga ibaki. Weka rula ya chuma, kisha vuta kisu cha kukwarulia mara kadhaa kwenye mstari uleule hadi mkwaruzo ufike theluthi ya unene. Kipande cha msumeno wa chuma kilichonolewa ncha kinafaa vilevile. Weka mkwaruzo kwenye ukingo wa meza, bana upande mmoja kwa ubao, na uvunje upande wa pili kwa mkono mmoja thabiti bila kusita. Akriliki huvunjika kwa kufuata mkwaruzo. Ukisita, hupinda ikavunjika inakotaka yenyewe. Kisha kwangua ukingo kwa mgongo wa msumeno hadi uwe bapa, uubane kwenye mwenzake na uutazame ukiuelekeza dirishani. Ukiona mwanga unapenya kwenye mshono, rudia kukwangua.

Kuhusu kiyeyushi, tafadhali kuwa makini. Methileni kloridi huruka haraka, hulevya, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini ya chumba kisicho na upepo. Mwaka 2024 Marekani ilipiga marufuku matumizi yake mengi kwa sababu ya vifo na hatari ya saratani. Usiitumie jikoni, chumbani wala mahali penye watoto. Fanyia kazi nje au kwenye veranda, upepo ukitoka nyuma yako. Glovu nyembamba za hospitali hupenywa nayo mara moja, kwa hiyo usizitegemee. Kama huna mahali pa wazi, kata vipande mwenyewe na utuletee tuunganishe. Wengi hufanya hivyo.

Kasha lizibwe kabisa au lifunguke?

Lifunguke. Hatugundishi vifuniko, hata mteja akisisitiza. Kipepeo aliyezibwa milele hawezi kutibiwa wadudu wakiingia, silika jeli ya kunyonya unyevu haiwezi kubadilishwa, na lebo iliyoanguka haiwezi kurudishwa mahali pake.

Lakini kufunguka si kupwaya. Ndani ya kifuniko tunagundisha mdomo wa milimita 12 unaoshuka ndani ya kuta za kasha, ili vumbi na wadudu wakute kona mbili badala ya upenyo mmoja ulionyooka. Kwa makasha ya shule tunaongeza skrubu nne. Kwa ya nyumbani, sumaku ndogo kwenye pembe zinatosha.

Kuna unga wa kahawia chini ya kipepeo wangu. Ni nini hicho?

Pole, ameanza kuliwa. Mara nyingi ni mabuu ya mbawakawa wadogo wa jamii ya Anthrenus, wenye manyoya, wadogo kuliko punje ya mchele. Hula mwili mkavu kutoka ndani, na unga huo ni mabaki na kinyesi chao. Utakuta pia maganda matupu ya manyoya pembeni. Mbawakawa mzima huishi kwenye maua na huingia nyumbani kupitia dirishani, kwa hiyo hata nyumba safi haijakingika.

Dawa yake ni baridi. Mtoe kipepeo na pini yake, umchomeke kwenye kikopo kidogo chenye sponji, ukifunge ndani ya mfuko wa plastiki na kuondoa hewa uwezavyo. Weka kwenye friza ya digrii 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukitoa, usifungue mfuko. Ngoja siku nzima hadi kikopo kipate joto la chumba, ili umande utue nje ya mfuko na usitue kwenye mbawa. Kasha lenyewe lioshe, badilisha sponji, kausha. Kasha zima usiligandishe, kwa kuwa akriliki ikiwa baridi sana huwa rahisi kuvunjika.

Vidonge vya nondo ninavyoweka kabatini, nikitupia kimoja ndani?

Usifanye hivyo. Naftalini huganda tena na kuacha punje na utando juu ya pini na kifuniko, na Shirika la Afya Duniani kupitia kitengo chake cha utafiti wa saratani linaiweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Vidonge vingine vya aina hiyo vina paradiklorobenzini, ambayo huyeyusha polistairini na kushambulia plastiki nyingine. Dawa za kupuliza za mbu na mende nazo ziweke mbali: viyeyushi vilivyomo hutia akriliki nyufa.

Nitaweka kasha upande gani wa nyumba ili jua lisilipate?

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na kusini kidogo tu ya ikweta. Jua hapa ni kali, na halina upande mmoja. Takriban Aprili hadi Septemba jua la adhuhuri huwa kaskazini, na Oktoba hadi Machi huwa kusini. Kwa hiyo ukuta uliokuwa salama ulipoutazama Julai unaweza kupigwa jua la moja kwa moja Desemba. Madirisha ya mashariki na magharibi hupokea jua mwaka mzima. Chagua ukuta wa ndani, kama kwenye korido, au ukuta uleule wenye dirisha, kasha likiwa kando ya dirisha hilo.

Yapo mabamba ya akriliki yaliyotiwa kichujio cha miale ya urujuanimno, nasi tunaweza kuyaagiza. Husaidia, ila hayazuii kila kitu, kwa sababu hata mwanga unaoonekana hupausha rangi polepole. Kichujio kisikufanye ukaning'iniza kasha mbele ya dirisha.

Kwa nini kipepeo mmoja amepauka na mwenzake bado anang'aa, na wamekaa pamoja?

Kwa sababu rangi zao hazitoki mahali pamoja. Chungwa la Danaus chrysippus, yule anayeonekana kwenye bustani nyingi za mjini, ni rangi hasa iliyo ndani ya magamba ya mbawa, na mwanga huivunja hadi ikawa kama majani makavu. Lakini mabaka ya bluu kwenye mbawa za Junonia oenone hutokana na umbo la magamba yenyewe: tabaka nyembamba mno hurudisha mwanga wa bluu na kuacha mwingine upite. Ndivyo ilivyo pia kwa Morpho wa Amerika Kusini. Bluu ya namna hiyo haipauki mradi magamba hayajasuguliwa. Ukiwapanga vipepeo kasha moja, wale wa chungwa, kahawia na manjano waweke upande wenye kivuli zaidi.

Unyevu wa Nairobi unaleta shida?

Katikati ya mwaka na wakati wa masika, ndiyo, hasa kwenye ukuta wa nje wa nyumba ya mawe usiopata jua. Ukungu hustawi unyevu wa hewa ukivuka asilimia 65 au 70 kwa muda mrefu. Huanza kwenye papasi na miguu kwa nyuzi nyeupe. Tunaweka kijisanduku chenye matundu kwenye kona ya kasha kwa ajili ya silika jeli. Chagua ile ya rangi ya machungwa inayogeuka kijani ikijaa maji. Ya bluu ina kobalti, ambayo ni sumu. Ikijaa, ioke kwenye oveni ya digrii 120 kwa saa mbili tatu, na itafanya kazi tena. Wateja wetu wa Mombasa na Kilifi huibadilisha mara nyingi zaidi kuliko watu wa huku juu.

Nilipangusa kifuniko kwa kitambaa kikavu, papasi zikasimama. Je, kasha lina kasoro?

Kasha halina kasoro. Ni umeme tuli. Akriliki ikisuguliwa kavu hujaa chaji, na kitu chepesi kilicho karibu huvutwa. Papasi huinuka, magamba huruka na kunata ndani ya kifuniko, na kipepeo mdogo asiyekazwa vizuri anaweza hata kuzunguka kwenye pini. Ndiyo sababu nyingine ya zile milimita 15.

Toa kifuniko na ukipeleke mbali na vipepeo. Puliza vumbi kwanza, kwani vumbi likisuguliwa ndilo linalokwaruza. Osha kwa maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, kwa kitambaa laini cha maikrofaiba, suuza, kisha gusagusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo badala ya kusugua hadi kukauke. Usitumie dawa ya kusafishia vioo yenye amonia, spiriti, sanitaiza wala thina. Mkwaruzo mdogo huondoka kwa msasa wa maji namba 1200, kisha 2000, kisha dawa ya kung'arishia plastiki. Mkwaruzo unaoshika ukucha tuletee.

Nataka nyuma kuwe nini: nyeupe, nyeusi au angavu?

Tunapenda nyeupe isiyong'aa, kwa karatasi isiyo na asidi juu ya sponji ya polithini. Nyeusi huvutia kwenye picha, lakini hufunika mikia na kingo za vipepeo weusi na huonyesha kila chembe ya vumbi. Angavu pande zote ni chaguo zuri pale ambapo upande wa chini wa mbawa una habari yake, na Charaxes wengi wana michoro ya ajabu upande huo. Hapo tunagundisha nguzo ndogo za akriliki zenye kipande cha sponji juu, kila kipepeo na nguzo yake.

Mimi ni mwalimu. Mnaweza kupanga kasha la somo?

Kwa moyo wote, mwalimu. Tunapendekeza makasha mawili. La kwanza ni la mwigo: jike la Hypolimnas misippus kando ya Danaus chrysippus. Danaus ana sumu aliyoipata alipokuwa kiwavi, akila mimea yenye utomvu mweupe, na ndege humwepuka. Jike la Hypolimnas huvaa sura yake. Weka na dume wa Hypolimnas, mweusi mwenye madoa meupe, na wanafunzi hawataamini ni mume wa yule. Papilio dardanus naye anafaa: dume ni wa manjano na ana mikia, ilhali majike wengi hawana mikia na huiga vipepeo wengine wasioliwa.

La pili ni la majira: Precis octavia wawili, mmoja wa masika na mmoja wa kiangazi. Wa masika ni wa chungwa, wa kiangazi ni wa bluu, na ni spishi ileile. Pima kasha litoshe deski moja, lifungwe kwa skrubu, na lebo ziwe kubwa za kusomeka kutoka kiti cha nyuma.

Mnauza vipepeo?

Hapana, wala hatupokei kipepeo asiyejulikana alikotoka. Wanyamapori wa Kenya wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na KWS, shirika la serikali la kuhifadhi wanyamapori, ndiyo ya kuulizwa kuhusu vibali, ikiwemo kumpeleka kipepeo nje ya nchi. Msitu wa Karura na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi si mahali pa kwenda na wavu. Kwa wale wa nje, kumbuka kuwa vipepeo wakubwa wa jamii ya Ornithoptera na Troides wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na biashara ya Ornithoptera alexandrae wa Papua New Guinea imekatazwa kimataifa.

Tunaowapenda zaidi ni vipepeo wa kufugwa. Mradi wa Kipepeo ulioko Gede, pembeni ya Msitu wa Arabuko-Sokoke, ulianza mwaka 1993. Wakazi wa kando ya msitu hufuga viwavi na kuuza pupa kwa nyumba za maonyesho za ng'ambo, hivyo msitu ukisimama unawalisha. Mtu akituletea kipepeo wa kufugwa mwenye karatasi zake, tunaifanya kazi hiyo kwa furaha.

Marehemu babu alituachia masanduku ya vipepeo. Tuwahamishie kwenye akriliki?

Kabla ya kugusa chochote, piga picha kila sanduku kutoka juu, kisha soma lebo. Lebo yenye mahali, tarehe na jina la aliyemkamata ndiyo inayomfanya kipepeo wa zamani awe ushahidi: kwamba spishi fulani ilikuwa ikiruka mahali fulani mwaka fulani, pengine pale ambapo sasa ni mtaa wa magorofa. Lebo ikitengana na pini yake, habari hiyo imepotea hata kama mbawa ni nzima. Mkusanyo wenye lebo za namna hiyo tunawashauri mwende nao kwanza Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill, wauone wataalamu wa wadudu. Vipepeo wakirudi kwenu, tutawajengea makasha yanayofuata mpangilio uleule wa babu, lebo zikiwa chini ya pini zao. Pini za zamani hatuzichomoi. Kifua kikavu hupasuka.

Kama mnataka jina la mzee lichongwe, tunalichonga kwenye ukingo wa kitako. Mbele ya kasha tunapaacha wazi.

Bei inategemea nini?

Ukubwa, unene, na idadi ya mishono. Bamba la kawaida ni futi 4 kwa 8. Kasha la sentimita 30 kwa 25 lenye kina cha 6 hutumia takriban mita moja ya mraba kwa kila makasha manne na nusu. Kwa hesabu tupu bamba moja lingetoa 13, lakini njia ya msumeno, midomo ya vifuniko na mabaki ya pembeni huipunguza idadi hiyo. Ukikubali kipimo kinachogawanya bamba vizuri, bei hushuka. Uliza kabla ya kuamua vipimo.

Niko Kisumu. Nitapataje kasha, na vipepeo watasafirije?

Kasha husafiri tupu kwa basi, likiwa na karatasi yake ya kinga na ndani ya katoni. Vipepeo wasisafiri ndani yake. Wachomeke kwenye sanduku dogo lenye sponji nene, pini izame hadi uhisi imeshika, kisha chomeka pini mbili za ziada kila upande wa tumbo la kipepeo mkubwa ili asizunguke. Sanduku hilo liweke ndani ya katoni kubwa zaidi, ujaze karatasi zilizokunjwa pande zote, na ulipakate safarini mwenyewe kuliko kulikabidhi kwenye buti. Kasha likifika, bandua karatasi ya kinga polepole ukilifuta kwa kitambaa chenye unyevu, liache wazi hadi kesho yake chaji ya umeme tuli itulie, ndipo uwapandishe vipepeo, ukianza na wa nyuma.